Wifi Anapaka Rangi, Programu Haioni

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unipokee maana nimefika mwisho wa akili zangu.

Nafanya kazi maabara ya kupima maji, kazi niliyotafutiwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, tunakaa ofisi moja, yeye anaingiza vipimo vya visima kwenye Excel, kila mtaa na shiti yake, mimi naziingiza shiti hizo kwenye R, programu ya takwimu inayotutolea ripoti, sasa shida ni kwamba wifi akirudia kipimo akakuta kisima kimeharibika hafuti namba ya zamani wala haandiki neno, anaipaka rangi nyekundu basi, na R inachukua namba na maneno, rangi inaiacha hukohuko. Juzi nimempa bosi rasimu inayosema kisima cha shule ya msingi ni salama, kumbe nilipofungua faili lenyewe kutafuta jina la mtaa nikakuta pamewaka nyekundu!

Nikamuuliza, "Wifi, hiki cha shule vipi?"

"Si kibovu? Kwani huna macho?"

"Mimi ninayo, R haina."

"Basi inunulie miwani."

Ofisi nzima ikacheka. Nikamwomba aongeze safu ya kuandika "salama" au "si salama", akanuna, akasema yeye ndiye aliyeniingiza pale na leo namfundisha kazi, jioni mama mkwe kashapigiwa simu, mume wangu ananiambia, "Mwache dada, kausha tu." Ripoti inatoka Ijumaa. Nikimwambia bosi, nyumbani sina amani. Nifanyeje?

Mke wa Watu

*

Mke wa Watu, pole. Kutaniwa mbele za watu na mtu unayekula naye meza moja kunauma, najua.

Lakini mama, unajua maji ni mabaya, halafu unakaa chini kuniandikia mimi! Ndiyo maana sikusubiri gazeti litoke, nilikupigia palepale. Nikakuuliza, "Bosi anajua?" Ukanijibu, "Bado, namwogopa wifi." Nikakwambia ukate simu, uende. Ulikwenda, na bomba la shule limefungwa. Hongera. Hukumchongea mtu, ulisema kisima ni kibovu, basi.

Sasa tumalize. Asubuhi vuta kiti ukae kando ya wifi, mkiwa wawili tu, umwonyeshe kwenye skrini yako namba yake ikiingia bila ile nyekundu. Aone mwenyewe. Rangi zake mwachie, anazipenda, hazidhuru mtu, ila kipimo kipya kiandikwe mahali pake na neno liwe pembeni. Na wewe acha uvivu: iambie R isome shiti zote, maana usipoiambia husoma ya kwanza tu, kisha linganisha idadi ya visima iliyotoa na ile ya faili lenyewe kabla hujampelekea bosi chochote. Mume wako mwambie ya ofisini hayatatuliwi kwa simu ya mama.

Wifi akiendelea kununa, mwamkie, mpe chai yake, na ripoti usiitoe mpaka neno liandikwe. Wale watoto wa shule hawamjui wifi yako wala hawanijui mimi. Wakikuta bomba liko wazi, wanakinga mikono na kunywa.