Betri ya Nne

Kinoo, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio karibu nawe. Mguu umepoa? Mvua imeanza huko, au bado mnaangalia mawingu? Mimi mwili ni mzima, kazini naenda, chakula nakula. Lakini nisikudanganye kwamba nina amani. Jairo, mtoto wa mjomba, alifika hapa Jumatano akaniambia kwamba tangu tumzike Baba unakula kidogo sana, huongei na watu, na redio umeifungia sandukuni. Nililia palepale kwenye meza ya kazi, nikawaambia wenzangu ni moshi wa kuchomea nyaya.

Mama, nina neno zito na sitalizungusha. Si wewe uliyeharibu betri za Baba. Ni mimi. Ngoja nikueleze yote, na usinionee huruma kabla sijamaliza.

Unakumbuka Krismasi ile Baba alipokuwa anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza? Sote tukacheka, naye akacheka pamoja nasi bila kujua kinachochekwa. Nilirudi Nairobi na aibu. Nikamwambia Mzee Gurdip, yule Kalasinga mwenye duka la Westlands ninapotengeneza redio na kamera, kwamba nataka kumtengenezea baba yangu kidude cha kukuza sauti, kidogo, cha kuingia mfuko wa shati. Akanipa kona ya meza na vipande vya mashine zilizokufa. Kila tukifunga kazi nilikuwa nabaki na kidude changu.

Taabu ilikuwa betri. Zile za tochi ni nzito, zingeurarua mfuko, na mashati ya Baba unayajua mwenyewe. Kwa hiyo nikachagua zile fupi za kamera zinazoitwa za lithiamu. Ni nyepesi, na moja inatoa volti tatu. Kidude kilitaka volti sita, basi unaziunga mbili kwa mstari, kichwa cha moja kwenye mkia wa nyingine, nguvu inajumlishwa. Lakini mbili zingeisha upesi, nikaweka jozi ya pili kando ya ile ya kwanza, zisaidiane mzigo. Jumla nne. Na sheria yake ni moja tu, naifundisha kila anayekuja kujifunza kazi hapa: zote ziwe za aina moja, na zote ziwe mpya. Ukiingiza iliyochoka katikati ya zenye nguvu, wenzake wataisukuma mpaka ipate moto, ivimbe, itoe maji.

Mpya nilipata tatu. Ya nne ilikuwa ije na mzigo wa wiki iliyofuata, na Jairo alikuwa anasafiri kuja nyumbani Ijumaa. Nikafungua droo, nikachukua moja iliyotolewa kwenye kamera ya mteja. Nikaipima, mita ikasoma tatu kamili. Mzee Gurdip aliniona. Akaniambia, "Wewe, ngoja wiki moja. Baba yako amengoja miaka, wiki moja itamfanya nini?" Mimi na kiburi changu nikamjibu kwamba mita haidanganyi. Mama, nilijua inaweza kudanganya. Betri za lithiamu huonyesha nguvu karibu mpaka siku zinapokufa. Nilijua, nikaifunga hivyo hivyo, kwa sababu nilitaka Baba asikie Jumapili ile.

Na alisikia. Dada Rispa aliniandikia kwamba Baba alikaa kwenye kizingiti cha jikoni asubuhi nzima akikusikiliza unapepeta mahindi, halafu akauliza hawa kuku walianza lini kupiga kelele namna hii. Nilimsomea Mzee Gurdip barua ile mara mbili. Nilijiona mtu, Mama. Nilitembea Westlands kifua mbele.

Wiki tatu tu, kikanyamaza. Nawe ukafanya ulichofanya na betri za redio tangu mimi mdogo: ukazitoa, ukazianika juu ya mabati ya jikoni jua la saa sita, ukazirudisha. Kila mtu huko anafanya hivyo. Hazikuamka. Siku ya pili yake Baba akatoka kwenda dukani, na trekta ya miwa ikapiga honi nyuma yake.

Siku ya mazishi Kaka Enos alisimama mbele ya watu akasema Baba angekuwa hai kama Mama hangezichoma betri za watu juani. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Betri hizi zinaanikwa?"

Nikasema, "Hapana. Hazianikwi."

Ni kweli hazianikwi, na kwa ukweli huo nilikumaliza. Nilikuona ukiuficha uso kwenye leso nami nikanyamaza. Ningeweza kuuliza sauti ilikatika lini, kabla ya jua au baada yake. Sikuuliza, maana niliogopa jibu.

Kidude ulichonifungia kwenye kitambaa siku ya kuondoka sikukigusa mpaka Alhamisi hii, baada ya maneno ya Jairo. Nilikifungua mbele ya Mzee Gurdip. Betri tatu ni safi, jua halikuzifanya kitu, hata sasa zina nguvu. Ya nne imevimba kidogo, uvimbe ambao jicho la fundi tu ndilo lingeuona, na maji yake yameula waya unaotoa nguvu ya zote nne mpaka ukakatika. Ina mkwaruzo ubavuni. Ndiyo ile ya kwenye droo. Kama ni jua, lingeziharibu zote nne. Wewe ulianika kitu kilichokuwa kimekwisha kufa, Mama, na aliyekiua ni mimi. Mzee Gurdip hakunikumbusha lolote. Alinivutia kiti tu.

Nisalimie Dada Rispa, umshukuru kwa barua zake zote. Nisalimie mjomba, baba yake Jairo, na mama mchungaji aliyelala kwako siku zile za matanga. Nimeomba ruhusa, Mzee Gurdip amekubali, mwisho wa mwezi nitakuja niyaseme haya kwa mdomo wangu mbele ya walewale waliokuwapo.

Lakini sitaki ulale hata usiku mmoja zaidi ukidhani ni wewe. Kwa hiyo nimemwagiza Jairo barua hii asimpe Rispa kama siku zote. Ampe Kaka Enos mkononi, naye ndiye anayekusomea sasa hivi.

Kaka, najua unataka kuishia hapa uikunje. Usiikunje. Mwangalie Mama, umwambie, "Mama, si wewe." Useme kwa sauti ileile uliyotumia kaburini, majirani wasikie. Na kama sauti inakukwama, ngoja mpaka ikurudie. Mama atangoja. Mimi na wewe tumeshamngojesha vya kutosha.

Ni mimi mwanao niliyenyamaza,
Zakayo