Tulisema Ndiyo kwa Ngalula

Mujukuu wangu Solange,

Jambo sana huko Kilwa. Kambo yako, babu yako muzee, niko na bahati kupita matajiri wa mutaa wa Golf: miaka ile ya fujo kila mutu Lubumbashi alipoteza mutu wake, mimi sikupoteza hata mumoja. Mama yako anakusalimia, anasema unenepe.

Unauliza mbona mutoto akibatizwa ninapiga "Ndiyo!" kushinda kwaya nzima. Sisi Wapresbiteri unatujua: pasta anauliza kanisa lote kama litamulinda yule mutoto, na wote tunajibu ndiyo.

Ngalula, binti ya jirani yangu, tulimujibia vile. Alipofika miaka sita, watu wakaanza kufukuza wenye asili ya jimbo la Kasai, kama wazazi wake, eti wageni. Pasta wetu alizunguka ofisi zote kutetea amani na haki ya watoto waliozaliwa hapa. Aliomba watu wa kwenda naye. Mimi, mudomo mukubwa, nilibaki nyumbani.

Siku ya treni ya kuwapeleka Kasai nilimusindikiza yeye na mama yake, Ngalula mabegani mwangu, ninamuchekesha. Akainama sikioni:

"Tonton," vile alizoea kuniita, kama mujomba wake, "mama anasema kanisa lilisema ndiyo juu yangu. Na wewe ulisema?"

"Nilisema, tena kwa nguvu!"

"Sasa mbona tunaenda?"

Nilimupitisha dirishani kwa mama yake.

Leo Ngalula, kama yuko muzima, ni mama wa watu. Mwanamuke wa umri wake nikimuona sokoni, ninamuangalia mpaka muke wangu ananisukuma na kiwiko.

Solange, pale juu nilidanganya. Nilimupoteza Ngalula.

Kambo yako