Printa Inachapa, Ijumaa Usije

Mwakitolyo,
14 Mei 2025

Kwa mjukuu wangu Violeth,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha. Na kama hujaniamkia, rudi uanze upya. Hujambo huko Geita? Kifua kimepona, au bado unalala na feni usoni? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linasumbua asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mpunga tumeanza kuvuna, mbuzi wawili wamezaa, na steshenari yako ipo palepale ulipoiacha, imefagiliwa kuliko ulivyokuwa unaifagia wewe.

Umeshaona kwamba barua hii imechapwa. Usirukie chini kutafuta sababu, soma kwa mpangilio. La kwanza ni hili: Ijumaa usije. Usiombe ruhusa. Mkuu wako wa ofisi alishawaambia kwamba mtu wa majaribio akikosa siku moja, nafasi anapewa mwingine, na wewe umebakiza wiki tatu uajiriwe. Hakuna printa yenye thamani hiyo.

Unakumbuka ilivyoanza. Umeme ulikatika, uliporudi printa ikagoma. Maganga, yule mchimbaji mwenye kofia nyekundu, alikuwa anataka barua yake ya kuomba leseni. Nikabonyeza, kimya. Akasema pengine haijasikia, nikabonyeza tena na tena, mpaka mara tisa. Nikapanda basi hadi Kahama kwa Karan aliyetuuzia hiyo printa, akasema tatizo ni hiyo Linux uliyoiweka kuendesha kompyuta, turudishe Windows. Nikamwambia kompyuta ilipokuwa na hiyo Windows ilijaa virusi kutoka kwenye flashi za machimbo yote, na mjukuu wangu aliyeitoa hakusomea ujinga. Nikaondoka bila kuaga. Wewe nilikugombeza kwenye simu baadaye, lakini hayo ni yetu wawili.

Ndipo ukaanza kunielekeza, kila siku saa saba ukiwa unakula. Kwanza waya, kama umeingia sawasawa. Halafu ukanifungulisha ukurasa wa printa, niandike localhost, nukta mbili, 631. Shule niliiacha darasa la nne, Kiingereza sijui, nikawa nakusomea kioo herufi moja moja na wewe unasubiri bila kununa. Ukanieleza kwamba printa haikuharibika, ila kompyuta iliisimamisha umeme ulipokatika, na kila nilichotuma kimepanga foleni humo ndani. Uliposikia foleni ina barua tisa za Maganga ulicheka mpaka ukapaliwa. Sikuwa nimesikia kicheko chako tangu uondoke Februari.

Kabla ya hapo simu zako zilikuwa shikamoo bibi, nina kazi, nitakupigia. Sikulaumu. Lakini siku za printa ulikaa na mimi nusu saa nzima. Nilikusikia ukitafuna. Uliniambia mwenye nyumba wako anakataza watu kukaanga dagaa, ukaniambia pia kwamba kwenye vikao vya ofisi unaogopa kufungua mdomo. Hilo hukuwahi kumwambia hata mama yako.

Sasa kaa chini. Siku ya tatu uliniambia nitafute neno linaloanza na R, la kuiamsha printa, nilibonyeze. Nikabonyeza. Ukauliza, vipi bibi, imetoa? Violeth, ilikuwa imetoa. Karatasi ya kwanza nilikuwa nimeishika, bado ya moto, na nyingine zinafuata. Nikatoka nje na simu usisikie ikinguruma, nikakujibu: bado, mayu wangu, haitoi.

Hiyo ni wiki mbili na nusu zilizopita. Tangu hapo inachapa bila kukwama hata mara moja. Uliponiambia niifute printa kwenye kompyuta niiandikishe upya, nikasema nimefanya, kumbe nimekaa kwenye kiti nimekunja mikono, nakusikiliza tu. Waya mpya ulioununua kwa pesa yako ya chakula ukautuma kwa basi, uko kwenye droo, sijaufungua. Na juzi uliposema unakuja mwenyewe, nilifurahi. Mungu anisamehe, furaha ilitangulia, aibu ikaja baadaye.

Ningeweza kukuambia kwenye simu kwamba imepona yenyewe. Huo ungekuwa uongo mwingine juu ya ule, na mimi ndiye niliyekupiga fimbo kwa uongo ulipokuwa mdogo. Basi nimekaa siku mbili naandika kwa kidole kimoja, na bahasha naituma kwa gari la leo ikuwahi. Kasirika, una haki. Nigombeze, safari hii nitanyamaza.

Maganga anakusalimu, leseni bado anaisubiri, na zile barua nane zilizozidi mkewe anafungia karanga. Mama yako naye anakusalimu, anasema ule ushibe.

Ijumaa nenda kazini, na kwenye kikao fungua mdomo. Saa saba nitakuwa dukani, simu iko mkononi. Printa ni nzima, kompyuta ni nzima, sina cha kukuomba unitengenezee. Wewe piga tu hivyohivyo.

Ni mimi bibi yako,
Limi