Kiko Kiko

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikajikuta nasubiri. Maisha yangu yote sijawahi kukusalimia ukanyamaza. Haya, naendelea, maana nina habari ya kukupa, na nikikaa kungoja marahaba karatasi itabaki nyeupe.

Habari yenyewe ni ya Mama.

Tangu tulipokuzika, Mama alikuwa haitiki. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Ukimwekea chakula anakula kidogo, anaoga, Jumapili anavaa kitenge chake cha kanisani na kukaa benchi lilelile mlilokaa wote. Lakini ukimwita anakuangalia tu, kama mtu aliyesikia jina la jirani. Mchungaji alikuja akaomba pamoja nasi, akamwita kwa jina lake la ubatizo. Kimya. Wajukuu, Neema wangu akiwa wa kwanza, wakampa shikamoo, akawashika vichwa mmoja mmoja, marahaba haikutoka. Nimeacha nyumba yangu Magole nikaja kukaa naye hapa Kilosa. Majirani wananiambia mwache, kila mtu ana msiba wake. Mimi niliogopa, Baba. Nilisema moyoni, huyu naye anaondoka, ila anaondoka akiwa amekaa.

Na viko vyako vya kuvutia tumbaku navyo vilikuwa vimekaa. Lile kapu uliloliacha kwenye kona ya baraza, viko vimeshasuguliwa, vinang'aa nta, vinangoja kufungwa tu vipelekwe Mikumi. Nani avifunge? Kufunga ilikuwa kazi ya Mama, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wewe ulikuwa barazani na patasi yako, yeye kwenye mkeka mlangoni, ana jani kavu la mgomba alilolirashia maji lisipasuke, ana sufi ya kujazia, ana uzi wa katani. Na ule wito wenu! Unampa kiko, unarudi kuchonga, kisha unaita bila hata kugeuka: "Kiko kiko?" Yeye anabonyeza jani kwa kidole, anaitika, "Kiko kiko!" ndipo anakaza fundo. Mchana kutwa. Wapita njia walidhani mnafanya mazoezi ya kwaya.

Nikiwa mdogo sikujua wito ule umetoka wapi. Ni wewe ulinisimulia, siku Mama hayupo, kwamba aliwahi kufunga kifurushi kizuri, sufi imejaa, fundo safi, kiko chenyewe kimebaki chini ya mkeka. Mgeni akakinunua kule Mikumi, akafungua palepale dukani kwa Dada Zaituni. Akatoa sufi, akatoa sufi, mpaka jani likaisha. Dada Zaituni akamwambia, "Hicho ni cha watu walioacha kuvuta." Mama alipopata habari alijificha chumbani kwa aibu. Wewe hukumgombeza. Kesho yake ulianza tu kuuliza, "Kiko kiko?" Kwanza ulikuwa utani, baadaye ikawa kazi. Halafu nadhani ikawa namna yenu ya kuulizana kama mpo.

Basi, Dada Zaituni alinipigia simu. Baada ya pole akasema, "Mama Neema, wageni wanavitaka vya Mzee. Lakini safari hii nitafutie vijiboksi vyenye lebo. Vikikaa kwenye shelfu na majani yake watu wanadhani ni chakula." Nilicheka nikiwa peke yangu, maana nilimkumbuka nyani. Unamkumbuka? Tulikuwa kwenye basi mimi na wewe, karibu tuingie Mikumi, kapu mapajani, basi likasimama. Mkono ukaingia dirishani ukanyakua kifurushi. Akaenda kukaa kando ya barabara, akafungua fundo la Mama kwa utaratibu kabisa, akakinusa kiko, akakitupa. Ukasema, "Huyo ameokoka!" Basi zima likacheka, na wewe ukapaliwa mpaka kondakta akakupa maji.

Wewe mwenyewe hujawahi kuvuta hata siku moja. Walipokuuliza mzee wa kanisa anachongaje viko, uliwajibu, "Mimi nachonga mti. Moshi atauelezea mwenye mdomo wake huko mbele."

Nikaona, lebo iandikwe nini zaidi ya wito wenu? Nikaenda kwa jamaa wa steshenari, karibu na stesheni ya reli, nikamwandikia kwa herufi kubwa: KIKO KIKO. Nikamwacha achape, nikapitia sokoni kununua vijiboksi. Kurudi nakuta lebo zote ziko tayari, zimekatwa vizuri, zimeandikwa: KIKO.

"Mama, ulikuwa umerudia neno," akaniambia kwa furaha. "Nimekurekebishia."

Nikamweleza. La kwanza ni kiko. La pili ni kwamba kiko.

"Ndiyo, kiko," akasema.

"Hapana baba, kiko kiko."

"Sasa si ndiyo hichohicho?"

Nikashindwa. Alikuwa na adabu na alitaka kunisaidia, ningemgombezaje? Lakini Baba, nilipotoka pale nilikuwa nalia, na sikuweza kumwambia mtu nalilia nini. Neno moja tu limefutwa. Na hata sikujua alilolifuta ni lipi, kiko chenyewe, au kule kuwepo kwake.

Nilifika nyumbani nikatandika mkeka wa Mama mlangoni, nikaanza. Jani, sufi, kiko, uzi, boksi, lebo. Mikono yangu mizito kwa kazi ile. Nikasikia kandambili nyuma yangu. Mama akaketi, taratibu, upande wake uleule. Akachukua boksi. Akaweka kidole chini ya herufi kama anavyosoma Biblia yake. Akaligeuza akatafuta upande wa pili. Akaligeuza tena.

Kisha akasema. Baba, akasema!

"Huyu anaita. Mbona hakuna anayeitika?"

Nikaweka uzi chini.

"Lete kalamu," akasema.

Akaandika chini ya lile neno la chapa, kwa mkono wake: kiko. Herufi zimelala, K moja imegeuka inatazama nyuma. Akachukua lebo nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha. Mimi nikajitia kufunga ili asinione uso. Akanipiga kofi mkononi. "Fundo gani hilo, unafunga mbuzi?" Akaninyang'anya, akafumua kazi yangu yote akaanza upya, na kila mara kabla ya kukaza uzi anabonyeza jani, na mdomo wake unasema polepole, yeye na wewe, kiko kiko.

Baadaye akiwa jikoni nilimwita bila haja yoyote. "Mama!"

"Bee!"

Nilipiga magoti palepale barazani, juu ya vumbi la patasi yako ambalo sijaweza kulifagia, nikamshukuru Mungu.

Nimevipeleka Mikumi mwenyewe. Dada Zaituni akasoma lebo, akasoma mwandiko, akauliza, "Huku chini kaandika nani?" Nikamwambia ni Mama, ameitika. Akavipanga mbele kabisa.

Kapu limebaki na viko vichache, Baba. Vikiisha vimeisha, sitaweka vya mkono mwingine chini ya wito wenu. Lakini nakuahidi jambo hili mbele za Bwana aliyekuchukua: Mama hatapita siku bila kuitwa. Viko vikiisha nitamwita kwa chumvi, nitamwita kwa kuku, nitamwita kwa jina lake tu. Na yeye akiita, popote nilipo katika nyumba hii, nitaitika.

Pumzika sasa. Shikamoo yangu nimeiacha hapo juu. Marahaba nitakuja kuichukua mwenyewe, siku ile tutakayoitwa wote kwa majina.

Mwanao,
Debora