Bimu Iliyobeba Roshani

Baba,

Shikamoo. Siwezi kuanza bila kukuamkia, hata kama jibu silisikii tena.

Kesho kutwa ni arubaini yako, na roshani ya nyumba yetu hapa Kibarani nimeitegemeza kwa nguzo za mbao. Hapandi mtu. Niliamua siku ile ya matanga, wageni walipojazana juu wakinywa kahawa, nami niko chini nalia. Niliinua uso nikaiona bimu yako, ile boriti ya zege uliyoijenga ibebe roshani, imefanya nyufa.

Ungekuwa ni uzito wa kushuka tu, nyufa zingeanzia chini, katikati, zikasimama wima. Hizi zilikwenda mshazari: zapanda upande wa nje, zapita chini ya bimu, zatokea upande wa ndani, kama mikunjo ya leso inayokamuliwa. Roshani yaning'inia upande mmoja, Baba. Haiilemei bimu tu, yaisokota. Na ufa mpana zaidi uko nje, karibu na nguzo ya zege, kwa kuwa pale uzito na msokoto vyasukuma njia moja, ndani vyapingana. Kukokotoa hayo nilifunzwa chuoni. Kusoma ufa nilifunzwa nawe, ukinipeleka kwenye majengo na kuniuliza, "Haya fundi, ukuta wasemaje?"

Nikawashusha watu wote. Ami alinijia juu mbele za wageni: "Kaburi la babako halijakauka, ushamtia ila? Ndivyo mlivyosomeshwa?" Sikurudi nyuma.

Wiki iliyofuata niliibandua plasta. Ringi zako, vile vyuma vinavyozikumbatia nondo, umeziacha wazi juu. Kwa uzito wa kushuka zatosha. Kwa msokoto, ringi isiyofungwa pande zote haishiki. Niliketi nikazigusa. Ulizikunja kwa mkono, zimelingana kama zimetoka kiwandani, na zote zina kosa moja. Sikumbuki kukupenda zaidi ya saa ile.

Mama aliziangalia, kisha akasema, "Vunja, mwanangu. Hapo juu watakuja kukimbia wajukuu."

Arubaini ikipita, twavunja. Ringi mpya nitazikunja mwenyewe, nizifunge. Ami akiuliza ni nani aliyekosea, nitamjibu: ni Baba. Akiuliza ni nani aliyenifunza kuliona kosa, jibu ni lilo hilo.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, hakuna atakayeumia kwa kazi ya mkono wako.

Binti yako