Farasi wa Pembeni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, lawama zako nitazipokea baadaye. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji yangu, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipoacha kupanda ngazi mbiombio kama msichana. Mimi sijambo. Jino lililokuwa likinisumbua limeng'olewa, na nitakueleza zaidi habari zake, maana limehusika katika mambo haya kuliko unavyoweza kudhani.

Umeniuliza kwa nini mwezi umekwisha na sijafika, ilhali mmekwisha kukipaka chokaa chumba cha nyuma na kuninunulia godoro. Una haki ya kuuliza. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuandikia kwamba nimechoka kukaa kwa mwanangu, ambaye ni mwanao pia wewe shangazi yake, kwamba mkazamwana wangu hanitaki, na kwamba nitakuja kuishi kwenu moja kwa moja. Begi lilikuwa limekwisha kufungwa, liko chini ya kitanda. Sikumwambia mtu yeyote humu ndani. Nilikusudia kuaga asubuhi ya safari, ili wasipate nafasi ya kunibembeleza. Au, jambo ambalo lingeniuma zaidi, wasipate nafasi ya kutonibembeleza.

Hali ya nyumba hii unaijua. Mwanao huendesha malori ya masafa marefu, haonekani ila mwisho wa mwezi, na akirudi hulala kama gunia. Siku nyingi tunabaki wawili, mimi na mkewe. Yeye ni mpima ardhi. Jioni huingia na buti zenye tope, huegemeza miguu mitatu ya chombo chake kwenye kiti changu, kisha hutandaza ramani juu ya meza ya chakula. Nami, niliyesahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji miaka yote ile mpaka wachapaji wakaniita Bwana Nukta, siwezi kuona kitu kimekaa pasipo pake nikanyamaza. Nilisema. Yeye akajibu. Na mimi sijapata kuliacha jibu lipite bila kulijibu. Aliposema kwamba hapa si kiwandani, nilimwambia kwamba wala si porini. Aliposema kwamba Baba angefaa kuwa mlinzi wa mpakani, nilimwambia kwamba mpaka wenyewe anaupima yeye, na ameupitisha juu ya kiti changu. Mwanao aliwahi kutusuluhisha kwa kutukumbusha kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mkewe akamwuliza anamwita nani fahali, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nikawa upande wake.

Kitu kimoja tu kilituweka meza moja kwa hiari yetu, nacho ni sataranji. Kila Jumamosi alasiri, ramani zikiondolewa, ubao huwekwa. Kule kiwandani tulikuwa na desturi kwamba mchezaji mkubwa hushika kete nyeusi, na mdogo hupewa nyeupe ili atangulie kucheza. Sikuhitaji kufikiri ni nani mkubwa. Nilimpa nyeupe siku ya kwanza, akanishinda. Jumamosi iliyofuata nikampa tena, akanishinda kwa njia ile ile.

Njia yenyewe nitakueleza polepole, maana wewe hukupata kuupenda mchezo huu. Kando ya mfalme wangu kuna askari mmoja, katika wale wadogo wa mstari wa mbele, ambaye hana mlinzi ila mfalme mwenyewe. Mkazamwana humwelekezea askari huyo tembo wake, anayekwenda kwa mshazari, kisha humrusha farasi wake mpaka karibu, wote wawili wakimkodolea macho maskini yule. Mimi husukuma askari wa katikati ili kumzibia tembo njia. Yeye humla. Mimi humlipiza kwa farasi wangu. Hapo ndipo anapomtupa farasi wake ndani ya nyumba yangu kama mtu asiyejali kufa: humla yule askari wa kando, mfalme wangu hana budi kumwua mvamizi, na akishatoka kumwua, malkia wake humfukuza mpaka katikati ya ubao, uwanjani, bila hata kandambili. Mfalme wa watu!

Nilijaribu kila hila baada ya hapo. Nilimficha mfalme huku, nikamzungushia ngome kule. Haikufaa. Jumamosi moja nilimpiga kofi farasi wangu mweusi akaanguka sakafuni, sikio likakatika. Sikujivunia. Wiki iliyofuata nilimkuta sikio limegundishwa.

Kosa sikuliona, kwa sababu lilikaa mahali ambapo nilikuwa sitazami. Mzee aliyetufunza mchezo kule kiwandani alitupa sheria mbili, nami nimezishika kama nilivyozishika alama za uandishi. Ya kwanza: ukiliwa, lipiza papo hapo. Ya pili: farasi asipelekwe pembeni mwa ubao, maana huko hupoteza nusu ya nguvu zake. Sikuwahi kushuku sheria. Nilishuku macho yangu, na usiniambie hukushuku hivyo hivyo uliposoma barua zangu. Nilishuku kwamba akili yangu inazeeka, na kwamba mkazamwana anaiona ikizeeka.

Sasa jino. Daktari aliling'oa Ijumaa asubuhi, akanijaza pamba mdomoni, akanionya nisifumbue kinywa mpaka damu ikauke. Nilirudi nyumbani nikamkuta mkazamwana, ambaye hakwenda kazini siku hiyo, amekasirika kwa sababu nilikuwa nimekitoa chombo chake barazani, na barazani kulinyesha. Alisema mengi. Alisema kwamba ningeyatafuta makosa yangu kwa bidii ile ninayotafutia ya wengine, ningekuwa malaika. Jibu nilikuwa nalo, mdogo wangu, tena jibu zuri, lakini pamba ilinizuia. Nikamtazama tu. Akangoja nijibu. Akangoja tena. Kisha maneno yakamwishia, akabaki amesimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyesukuma mlango usiofungwa. Baadaye akaniletea supu iliyopoa, akaniambia niinywe kwa upande usiouma, na ya barazani hayakusemwa tena.

Nilikaa mbele ya ubao nikiwa na pamba yangu, nikazipanga kete. Nikafika pale anapomla askari wangu wa katikati, mkono ukaenda wenyewe kulipiza. Nikauzuia. Nikajiuliza, je, nisipolipiza? Askari amekwisha kufa. Kumlipizia ndiko kunakomfungulia njia yule mvamizi. Nikatafuta mahali pengine pa kumpeleka farasi wangu wa pili, na pahali pekee penye maana palikuwa pembeni, pale palipokatazwa. Nikampeleka. Na kutoka kule pembeni, mdogo wangu, akawa anamtazama tembo wake uso kwa uso, na tembo yule lazima akimbie.

Kesho yake, Jumamosi, tulicheza. Akamla askari wangu wa katikati, nami sikulipiza. Farasi wa sikio la gundi akaenda pembeni. Mkazamwana akainua macho, akanitazama kwa muda, kisha akarudi ubaoni. Tembo wake akamtishia mfalme wangu, nikazuia, akarudi nyuma. Farasi wake nikamfukuza kwa askari wadogo, naye akarudi nyuma. Nilikuwa nimepungukiwa askari mmoja, lakini kete zangu zote zilikuwa nje, zake zikirudi nyumbani. Kabla ya chai kupoa, nilikuwa nimeshinda.

Nilitarajia aseme kwamba nimebahatisha, na jibu lake nilikuwa nimekwisha kuliandaa. Hakusema hivyo. Alizirudisha kete sandukuni moja moja, kisha, bila kunitazama, akaniuliza Baba anasafiri lini.

Nikamwuliza nani amemwambia habari za safari. Akasema kwamba alipokuwa akipiga deki aliliona begi, akalinyanyua, na uzito wake ukamweleza. Akasema kwamba jibu lile la farasi wa pembeni analijua tangu alipokuwa chuoni. Yeyote afundishwaye shambulio lile hufundishwa na dawa yake. Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini basi aliniacha nipigwe Jumamosi hadi Jumamosi. Akanijibu kwamba anamjua baba mkwe wake: si mtu wa kuondoka akiwa ameshindwa. Angenifundisha dawa, ningeshinda siku hiyo hiyo, na kesho yake ningepanda basi. Akasema kwamba mume wake akiwa njiani, nyumba hii haina sauti ya kumjibu ila hii yangu mimi, hata kama ni ya kugomba; na katika ulimwengu mzima hakuna mtu mwingine anayejua kama amefuta buti zake au hakufuta.

Safari hii sikuwa na pamba mdomoni.

Nikamwomba ageuze ubao. Nilimwambia kwamba nataka kushika nyeupe, neno ambalo sijapata kulitamka tangu nijue mchezo huu. Nikamshambulia kwa shambulio lake mwenyewe, hatua kwa hatua. Akampeleka farasi pembeni kama mtu atiaye chumvi chunguni, akanishinda vibaya sana, na akacheka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sitakuja kuishi kwenu. Nitakuja kuwatembelea goti lako likipona, ili tupande ngazi pamoja, polepole. Chumba mpangieni matumizi mengine, na godoro likuhifadhie wewe mgongo. Mpe shemeji pole yangu kwa kazi ya chokaa, umwambie haikupotea, ukuta mweupe haudhuru.

Begi langu mkazamwana ameliomba awekee kamba na vigingi vyake vya kupimia. Nimempa, ila nimemwambia vigingi vifutwe tope kwanza. Akanijibu. Jibu lenyewe sitakuandikia, nimeliacha lipite.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia uwasalimie.

Ni mimi kaka yako,
Bwana Nukta