Darasa Zima Liliposimama

Furaha mjukuu wangu,

Hapa Kasenga tuko wazima. Bibi yako amemaliza kuvuna maharagwe na anakusalimia sana.

Unauliza kama uhamie kwenye chuo kikuu hicho kikubwa, hata kama watakurudisha mwaka wa kwanza.

Wakati wa uasi shule yetu ya Uvira ilifungwa. Nikavuka mpaka kwenda Bujumbura kuomba nafasi kwenye shule ya mapadri. Walinipima kwa mtihani, wakanikubali, lakini madarasa mawili nyuma. Miye nilikuwa tayari na ndevu! Nilipoingia, watoto wote wakasimama: "Bonjuru, Mwalimu!"

Mlango ulikuwa bado wazi nyuma yangu. Nikaenda kuketi kwenye benchi kati yao, magoti yakagonga meza, wakacheka.

Nilisoma mengi pale, mjukuu. Hakuna somo lililokuwa gumu kama kule kuketi.

Babu yako